Umetuma Doh na Mesej Haijaingia? Usitume Tena Kabla Hujasoma Hii

Picha iko hivi. Ni siku ya soko Karatina, lori ya viazi imejaa nusu, na unafaa kumlipa mathe mwenye viazi thao kumi na nane. Unapiga PIN, simu inazunguka, inazunguka, alafu skrini inakwambia ombi lako halijakamilika, jaribu baadaye. Mathe anakuangalia. "Kijana wangu, yangu haijalia." Dereva anapiga honi. Nyuma yako kuna msee anakushow, "Buda, si utume tena tu."

Huyo msee wa nyuma ndiye hatari kuliko wote kwa hii stori.

Juu skrini haijakwambia doh haijaenda. Imekwambia tu simu yako haijaskia jibu. Hizo ni vitu mbili tofauti kabisa, na leo tofauti yake ni thao kumi na nane.

Sasa tuingie ndani tuone kwa nini hii kitu hutokea. Sio M-Pesa peke yake. Ni tiketi ya matatu uliyobuk kwa simu, ni tokeni za stima, ni beti yako ya Jumamosi, ni ile posti ya Instagram ilitokea mara mbili ukaonekana mshamba. Kila mahali data inaandikwa mbali na mahali umekaa, hii ngori iko.

Fikiria ni enzi za kutuma bahasha na matatu. Uko Nyeri, unampatia konda bahasha ya doh apelekee binamu yako Nanyuki, na unamwambia akirudi jioni akuletee karatasi binamu amesaini. Jioni inafika, konda haonekani. Swali: bahasha ilifika?

Labda gari iliharibika Kiganjo na bahasha bado iko kwa dashibodi. Labda konda alifika Nanyuki lakini binamu hakuwa kwa stage. Ama bahasha ilifika fiti, binamu akasaini, na gari ikaharibika wakati wa kurudi, karatasi ikiwa mfukoni mwa konda. Ukiwa umesimama Nyeri, hizo stori tatu zinafanana. Zote zinaonekana hivi: konda hajarudi.

Ombi lako la kutuma pesa linapitia hiyo barabara. Linaweza kufa likienda, kabla halijafika kwa mlingoti. Ukishawahi kushuka bonde moja kule Mukurwe-ini ama Tetu unajua venye mtandao hukatika ukifika mtoni na kurudi ukipanda mgongo wa pili. Linaweza kufa kwa seva yenyewe, kazi ikiwa imefika katikati. Na linaweza kufanikiwa kabisa, doh ikatoka kwako ikaingia kwa mathe, alafu jibu ndio likapotea njiani. Simu yako inangoja sekunde kadhaa, inachoka, inakata tamaa. Wasee wa kompyuta huita hiyo taimauti. Na taimauti haimaanishi imefeli. Inamaanisha sijui.

Shida ni watu wengi, na programu nyingi zilizoandikwa usiku wa kuamkia kupeana kazi, hufikiria kuna majibu mawili tu: imeenda, haijaenda. Iko ya tatu. Ya tatu ndiyo hula watu.

Kwa hiyo ya katikati, ile ya kufia kwa seva, usiwe na wasi sana. Databesi yoyote ya maana ya pesa imejengwa ndio kutoa kwako na kuongeza kwa mathe kuwe kitendo kimoja. Ama zote mbili zinaandikwa, ama hakuna inaandikwa. Seva ikizima katikati, ikiamka inasoma daftari yake, inaona kuna kitu ilianza haikumaliza, inaifuta kama haikuwahi kuwa. Ile stori ya ati pesa iko hewani, imetoka hapa haijafika pale, kawaida hutokea mahali kuna daftari mbili za watu wawili tofauti, kama benki na simu. Hapo hakuna mtu mmoja wa kusema tunaanza pamoja tunamaliza pamoja.

Daftari ilikuwa Ujerumani

Hii wengi hawajui. M-Pesa ilianza Machi 2007, lakini mpaka Aprili 2015 seva zake hazikuwa Kenya. Zilikuwa Ujerumani. Ukiwa Karatina ukimlipa mtu amesimama mbele yako, mkono kwa mkono, daftari ilikuwa inaandikwa Ulaya.

Piga hesabu kidogo. Mwanga ndani ya kebo hukimbia karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Nairobi mpaka Frankfurt, ukipita kama ndege, ni kilomita 6,300 hivi. Kwenda na kurudi ni 12,600, kwa hivyo kitu kama milisekunde 63, hata kama kila mashine njiani ni moto kabisa. Na kebo haipiti kama ndege, inashuka Mombasa inaingia baharini inazunguka. Milisekunde 63 si kitu kwa binadamu, lakini kazi moja ya pesa inaweza kuwa na kwenda na kurudi kadhaa ndani yake. Na kila safari ni nafasi moja zaidi ya konda kutorudi. Nyeri hadi Nairobi ni kama kilomita 150 kwa barabara, kwa hiyo kwenda na kurudi kwa kebo ni milisekunde moja na nusu hivi. Unaona kwa nini walizileta home.

Kebo zenyewe nazo si chuma ya reli. Tarehe 12 Mei 2024 kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika na intaneti ya Afrika Mashariki yote ikaanza kutambaa. Kama daftari yako iko ng'ambo siku kama hiyo, hata kununua sukari ni mtihani.

Basi tuweke kila kitu Nairobi mahali pamoja, si ndio? Zii. 24 Aprili 2017 mtandao wa Safaricom ulilala nchi karibu mzima, M-Pesa nayo ikalala. Watu walikwama kwa petroli, kwa supermaketi, kwa stage. 25 Agosti 2023 stima ikapotea karibu Kenya nzima, hadi uwanja wa ndege wa JKIA ukaingia giza. Ukiweka daftari moja mahali pamoja, siku hiyo mahali pakilala, wote mmelala.

Kwa hivyo wanafanya nini? Wanaweka daftari kadhaa, miji tofauti, zikiwa na maandishi yaleyale. Na hapo ndipo ngori ya ukweli huanza, juu sasa kuandika mara moja kumekuwa kuandika mara tatu.

Chukua chama. Chama yenu iko na daftari tatu: moja kwa mweka hazina wa Nyeri, moja Karatina, moja Nanyuki. Umetoa mchango wa mia tano Nyeri. Mweka hazina anaweza kukwambia, "Ngoja nipigie Karatina na Nanyuki, wote waandike, ndio nikupe risiti." Salama kabisa, lakini siku Nanyuki simu imezima, chama yote imesimama. Ama anaweza kukupa risiti saa hiyo hiyo na kusema atawaambia wengine baadaye. Haraka, lakini daftari yake ikichomeka kabla hajapiga simu, mchango wako umepotea na risiti uko nayo. Ile ya kati, ambayo mifumo mingi mikubwa hutumia, ni kusema wawili kati ya watatu wakiandika, imetosha. Mmoja akizima, kazi inaendelea. Na kwa sababu wawili ni wengi, haiwezekani Nyeri na Nanyuki kila mmoja akajifanya yeye ndiye chama.

Lakini laini ikikatika katikati kabisa, na Nyeri amebaki peke yake haongei na wenzake, lazima achague. Ama anakataa michango mpaka laini irudi, ama anaendelea kuandika akijua daftari zitagongana baadaye. Hakuna njia ya tatu. Msee wa Marekani anaitwa Eric Brewer alisema hii kitu mwaka 2000, na 2002 Seth Gilbert na Nancy Lynch wakaithibitisha kwa hesabu. Madevelopa huiita CAP. Watu hupenda kuitumia kuonekana wamesoma, na mimi sikumaliza chuo, lakini hata mtu wa stage anaielewa: laini ikikatika, chagua kati ya kufunga duka na kukubali makosa.

Kwa likes za TikTok, usifunge duka. Nani anajali kama Nyeri inaona likes 400 na Embu inaona 398. Kwa pesa, funga. Bora mathe asikie "jaribu baadaye" kuliko watu wawili kutoa thao kumi na nane moja.

Sekunde 43

Ukitaka kuona venye hii huenda vibaya kwa watu wenye akili na ganji, angalia GitHub, ile nyumba ambayo karibu kila developa wa dunia huweka kazi yake. Tarehe 21 Oktoba 2018 walikuwa wanabadilisha kifaa cha mtandao upande wa mashariki mwa Marekani. Laini ikakatika kwa sekunde 43. Sekunde 43, hata Sportpesa hujamaliza kufungua.

Ndani ya hizo sekunde, mfumo wao wa kujichagulia mkubwa uliona mashariki imenyamaza, ukasema haya basi, magharibi ndio mkubwa sasa. Maandishi mapya yakaanza kuingia magharibi. Laini ikarudi. Kumbe mashariki ilikuwa na maandishi ya sekunde chache ambayo haikuwa imewahi kutuma magharibi. Na magharibi nayo sasa ilikuwa na maandishi ya karibu dakika 40 ambayo mashariki haina. Daftari mbili, zote ni za ukweli, na hazikubaliani. Huwezi futa hii, huwezi futa ile.

Walifanya uamuzi mimi naheshimu: waliacha tovuti ikae vibaya, polepole, watu wakilia Twitter, ndio wasipoteze data ya mtu. Sekunde 43 za laini zikawa masaa 24 na dakika 11 za kurekebisha. Kwa databesi yao moja yenye kazi nyingi, maandishi yaliyobaki yamekwama upande wa mashariki yalikuwa 954. Hayo ilibidi wayachambue, na mengine kuwatafuta wenyewe.

Sasa ukiskia mfumo fulani umekataa kuandika wakati mtandao ni mbaya, usikimbilie kusema ni mbovu. Wakati mwingine kukataa ndio kazi.

Dawa iko kwa mita ya stima

Turudi kwa msee wa "tuma tena tu". Kusema ukweli, kutuma tena si dhambi. Shida ni kutuma tena kama kitu kipya. Dawa yake iko kwa ukuta wa nyumba yako.

Zile tokeni za stima, namba 20. Ushawahi jaribu kuziweka mara ya pili? Mita inakataa. Unaweza kuzibonyeza mara kumi ukiwa umekasirika, yuniti zinaingia mara moja tu. Sababu ni kwamba ndani ya kila tokeni kuna alama ya wakati, dakika zilizohesabiwa tangu mwaka 1993, na mita inakumbuka zile imeshakula. Ndio maana kabla ya 24 Novemba 2024 watu walisumbuliwa wabonyeze namba za ziada: ile nafasi ya kuhesabu dakika ilikuwa inajaa, na mita ambayo haijabadilishwa ingeanza kukataa tokeni mpya.

Hiyo akili ya mita ndiyo inafaa kuwa kwa kila mfumo wa kuandika data mbali. Kabla simu yako haijatuma ombi, inalipa ombi namba yake ya pekee. Seva ikipata namba hiyo mara ya kwanza, inafanya kazi na kuandika namba chini. Ikiipata tena, haifanyi kazi tena. Inasema tu, "Hii nishamaliza, jibu lako ni hili." Hapo sasa unaweza kurudia vile unataka. Konda wa pili, wa tatu, wa kumi, wote wamebeba bahasha namba 57, na binamu yako Nanyuki anajua bahasha 57 ashapokea.

Kitu moja muhimu: namba lazima itoke kwa mtumaji, na itoke kabla ya kutuma. Ile kodi ya M-Pesa yenye herufi na namba kumi inakuja na mesej ya kukubali. Kama mesej haikufika, kodi huna. Kwa hivyo haiwezi kukusaidia ukiwa gizani. Ndio maana ukijaribu kutuma kiasi kilekile kwa mtu yuleyule haraka haraka, M-Pesa huweza kukukatalia ikisema kuna malipo yanayofanana bado yanashughulikiwa. Ni njia ya kubahatisha kwamba labda ni wewe umepanic. Ni nzuri, lakini si kama namba. Ukingoja kidogo, ama ubadilishe kiasi kwa shilingi moja, unapita, na hapo umejiosha mwenyewe.

Hii pande ni ya wale wanajenga vitu, na najua kuna wengi pale Dedan Kimathi na Karatina Yunivasiti wanaunganishia maduka M-Pesa kupitia Daraja. Mteja ameletewa ile kisanduku ya kuweka PIN, ameweka, duka lako linangoja Safaricom wapige simu kwa seva yako kusema imelipwa. Seva yako ilikuwa imelala dakika hiyo. Mteja amelipa, duka linasema hajalipa, na anaambiwa alipe tena. Hapo kosa ni lako. Ulipotuma ombi ulipewa namba ya ombi, na kuna njia ya kuulizia hali yake. Uliza kwanza. Majibu mengine ni wazi: 1032 ni mteja mwenyewe amekataa, 1 ni hana salio. Hayo ni kufeli kwa ukweli, anza upya bila hofu. Kimya sio kufeli. Kimya unakiandika kwa daftari yako kama "haijulikani", unaendelea kuuliza, na hautumi ombi jipya mpaka upate jibu.

Na ukirudia, rudia na heshima. Ngoja sekunde moja, alafu mbili, alafu nne, na uchanganye kidogo ndio simu zote zisirudie wakati mmoja. Mfumo ukiamka kutoka kwa usingizi na watu laki moja wakigonga mlango sekunde hiyo hiyo, unalala tena. Umeona venye stage ya Nyeri huwa Desemba gari moja ikitokea.

Kuna wasee wengine wametatua hii kwa njia tofauti, na wako kwa mashamba. Nenda kwa kituo cha kununua majani chai, pande za Chinga ama Gathuthi. Karani ana mzani wa kidijitali. Cucu anaweka gunia, kilo zinaandikwa, risiti inatoka. Mzani kama huo haufai kungoja mtandao ndio uandike. Unaandika hapo hapo ndani yake, alafu rekodi zinafika kiwandani baadaye. Inawezekana juu kila rekodi inasimama peke yake: mkulima huyu, siku hii, kilo hizi. Hakuna karani mwingine anaandika gunia hilo hilo. Daftari mbili haziwezi kugongana kama hakuna mtu wa pili anaandika mstari wako. Pesa haiko hivyo. Salio lako moja linaweza kuguswa na wewe, na mkopo, na mtu anakutumia, zote kwa dakika moja.

Septemba 2025 Safaricom walihamisha M-Pesa kwa mfumo mpya wanaouita Fintech 2.0, na walisema una uwezo wa miamala 6,000 kwa sekunde. Poa sana. Lakini bonde la Mukurwe-ini bado ni bonde, na jibu bado linaweza kupotea kati ya mlingoti na mfuko wako.

Kwa hivyo hapo Karatina, lori inanguruma, mathe anakuangalia, fanya hivi. Usiguse kitufe cha kutuma. Angalia salio kwanza. Kama imepungua thao kumi na nane na gharama ya kutuma, doh imeenda, na mathe naye aangalie salio yake badala ya kungoja SMS, juu SMS huchelewa kuliko pesa. Kama salio iko vilevile, ngoja dakika chache uangalie tena, labda ombi bado liko njiani. Ikiwa bado iko vilevile, sasa tuma. Piga *334# uone taarifa yako kama unataka ushahidi wa kumwonyesha mtu. Na kama ulishatuma mara mbili kabla hujasoma hii, usifute mesej. Ile ya pili, iforwadi kwa 456 saa hiyo hiyo, na umwombe mathe kwa heshima asiguse salio. Kurudisha si kufuta. Ni kuandika mstari mpya wa kwenda upande wa nyuma, na huo mstari unahitaji pesa iwe bado iko pale. Kama ashalipa dereva wa lori nayo, hapo sasa mtaongea wenyewe.